Kuchua Nyayo: Faida, Mipaka na Hatari kwa Mwenye Kisukari

Kuchua miguu si jambo geni katika Nyanda za Juu Kusini. Aliyeshinda shambani, au aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, huona nafuu akikandwa kwa maji ya moto na mafuta. Siku hizi huduma hiyo hutolewa kwa malipo katika vituo vya mitaani, na baadhi ya wachuaji huiita refleksolojia.

Refleksolojia hudai kwamba kila sehemu ya unyayo inahusiana na kiungo fulani cha ndani, kama figo, ini au moyo. Chimbuko lake ni mafundisho ya William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1917. Katika miaka ya 1930, Eunice Ingham aliyaendeleza kwa kuchora ramani ya unyayo. Hata hivyo, anatomia haijathibitisha ramani hiyo. Mwaka 2009, Edzard Ernst alipitia majaribio 18 ya kitabibu, akahitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba refleksolojia hutibu ugonjwa wowote.

Hii haina maana kwamba kuchuliwa hakuna faida. Misuli hulegea, wasiwasi hupungua na mwili hutulia. Tatizo huanza pale utulivu huo unapoitwa tiba, mgonjwa akaacha dawa zake.

Anayehitaji tahadhari kubwa zaidi ni mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, huharibu neva za miguu. Mgonjwa huhisi ganzi, moto au kuchomwachomwa, na ndiyo maana hutamani kuchuliwa. Lakini mguu wenye ganzi hautoi taarifa. Maji yanaweza kumuunguza asijue, sawa na jiko la mkaa analoota wakati wa baridi ya Juni na Julai. Lengelenge dogo huwa kidonda. Damu isipofika vizuri, kidonda huoza, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu.

Kipimo rahisi chaweza kufanyika hata katika zahanati. Mgonjwa hufumba macho, kisha mhudumu humgusa kwa ncha ya kidole, bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu. Asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, hisia zake zimepungua. Apelekwe kliniki ya kisukari.

Hatari nyingine ni mgando wa damu. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu lake na kuwa na joto, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu, usichuliwe. Mgando ukibanduka huweza kuziba mishipa ya mapafu na kuua. Mgonjwa awahishwe hospitali.

Mchuaji makini humuuliza mteja kuhusu kisukari, hukagua nyayo na katikati ya vidole, hupima joto la maji kwa kiwiko chake, wala hakati sugu kwa wembe. Akiona kidonda, huacha kazi na kumwelekeza mteja kituo cha afya. Mhudumu wa afya naye amuulize mgonjwa, bila kumkaripia, kama huenda kuchuliwa. Anayeogopa kukemewa huficha, na kidonda kilichofichwa huchelewa kutibiwa.