Wayahudi Hawakupewa Uganda

Kila nikimaliza mhadhara wa historia ya Wayahudi, hata kama mada ilikuwa washairi wao wa Hispania, lazima mtu asimame: "Mwalimu, ni kweli Wayahudi walipewa Uganda wakaikataa, na wale wa Mbale ndio masalia?" Si kweli. Nusu ya kwanza imepotoshwa, nusu ya pili ni uzushi.

Tuanze na ardhi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotafuta nchi ya Wayahudi, nyanda za Uasin Gishu, yapata kilomita za mraba 13,000. Fungua ramani: ni Kenya, huko Eldoret. Eneo hilo lilishamegwa kutoka Uganda Aprili 1902. Tena halikuwa la Chamberlain kugawa. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa.

Kura je? Agosti 1903, miezi michache baada ya Wayahudi kuuawa Kishinev, mji wa Milki ya Urusi, Mkutano Mkuu wa Sita wa Wazayuni uliketi Basel. Kura 295 dhidi ya 178 zilipitisha nini? Kutuma tume ikakague, basi. Hata hilo wajumbe wengi wa Urusi, wakiwemo wa Kishinev kwenyewe, walilipinga. Walitoka ukumbini, baadhi waliketi sakafuni, kama Wayahudi wafanyavyo msibani. Tume ya watu watatu ilizunguka Uasin Gishu, na mwaka 1905 Mkutano wa Saba ukakataa. Huwezi kukabidhiwa nchi kwa kura ya kutuma wakaguzi.

Masalia gani basi? Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, ni wenyeji. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda kisha akaachwa mikono mitupu, aliisoma Biblia akaamua kufuata Uyahudi: mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Mpango ulishakufa miaka 14 nyuma. Wafuasi wake walidumu hata Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao. Kuwaita masalia ya walowezi ambao hawakufika ni kuwapora historia yao.

Unataka kujifunza? Nenda Nabugoye, nje ya Mbale, ukawasikilize wenyewe. Ukiwa Nairobi, omba ruhusa mapema utembelee sinagogi. Jamii yake ilianza kujenga mwaka 1912. Kama huna nauli, mihadhara ipo. Ila ukija, niulize kwa nini Kakungulu aliuacha Ukristo. Hilo ndilo swali linalostahili jibu refu.