Kuchagua na Kujaribu Kamera Ndogo ya Dijitali

Kila klabu ya sayansi shuleni hufikia siku ambapo kalamu na daftari havitoshi. Maharage yaliyopandwa katika makopo hupinda kuelekea dirishani. Mmomonyoko wa udongo hula ukingo wa korongo, masika hata masika. Tone la wino huenea katika maji yaliyotulia. Mabadiliko ya namna hii yanataka kumbukumbu ya picha. Simu za mkononi zina kamera nzuri, lakini katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, na simu ya mwalimu ni mali yake binafsi. Kwa sababu hiyo kamera ndogo ya dijitali ingali na kazi shuleni: ni chombo cha wote, hukaa katika kabati la maabara, na yaweza kufungwa juu ya stendi ya miguu mitatu ikapiga picha ya kitu kile kile kutoka mahali pale pale kwa muda wa miezi.

Shida hutokea dukani. Fedha za klabu aghalabu ni michango iliyokusanywa kidogo kidogo, na ikiisha kutumika vibaya hairudi. Mnunuzi huonyeshwa kamera mbili. Moja imeandikwa pikseli milioni 20, nyingine milioni 12, na muuzaji husema kwamba ile ya 20 ndiyo bora. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini hoja hiyo haitoshi, na jinsi wanafunzi wanavyoweza kuipima kamera wenyewe, kama wapimavyo mizani au kipimajoto kabla ya kukitumaini.

PICHA HUPATIKANAJE

Katika kamera ya zamani nuru ilipita katika lenzi ikaangukia filamu yenye kemikali. Katika kamera ya dijitali nuru huangukia bapa dogo la silikoni liitwalo kihisi. Uso wa kihisi umegawanyika katika vyumba vidogo sana vilivyopangwa kwa safu, navyo huitwa pikseli. Nuru ikigonga silikoni huachilia elektroni. Kila pikseli hukusanya elektroni zake, na mwisho wa kupiga picha chaji hiyo hupimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Picha ya dijitali, basi, ni jedwali kubwa la vipimo vya nuru.

Msingi wa kazi hii uliwekwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani, na kwa ajili hiyo walishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera ya dijitali yenye uzito wa karibu kilo 3.6. Ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika utepe wa kaseti.

Pikseli yenyewe haijui rangi. Hupima wingi wa nuru tu. Ili kupata rangi, kila pikseli hufunikwa kwa kichujio kimoja: nusu ya pikseli hupewa kijani, robo nyekundu, na robo bluu. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, akapewa hataza yake mwaka 1976, na ndio utumikao katika kamera nyingi hata leo. Maana yake ni kwamba pikseli moja hupima rangi moja, na rangi mbili zilizobaki hukadiriwa kutokana na jirani zake. Kwa hiyo hata kabla hatujaanza kulinganisha kamera, tarakimu ya milioni 20 imekwisha kupungua uzito.

PIKSELI NGAPI ZINATOSHA

Wanaochapa picha hutumia kipimo cha nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji nukta 1,181 kwa 1,772, yaani pikseli milioni 2.1. Ukurasa mzima wa karatasi ya A4 huhitaji 2,480 kwa 3,508, yaani milioni 8.7. Klabu ambayo picha zake zitabandikwa katika ubao wa matangazo au kuingizwa katika ripoti haihitaji zaidi ya hapo.

Tena wingi wa pikseli huongezeka kwa eneo, lakini uwezo wa kuonyesha vitu vidogo huongezeka kwa urefu. Kutoka milioni 12 hadi milioni 20 ni ongezeko la asilimia 67 kwa idadi, lakini kwa urefu ni kipeuo cha pili cha 20/12, yaani 1.29. Faida ni asilimia 29 tu, nayo hupatikana endapo lenzi ni safi, mkono umetulia na nuru ni ya kutosha. Masharti hayo matatu hayatimizwi mara kwa mara katika chumba cha darasa.

UKUBWA WA KIHISI

Sufuria pana iliyowekwa nje wakati wa mvua hukusanya maji mengi kuliko kikombe. Kihisi nacho ni hivyo hivyo. Kamera nyingi ndogo zina kihisi kiitwacho cha inchi 1/2.3, chenye vipimo vya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Nyingine, zilizo ghali zaidi, zina kihisi kiitwacho cha inchi 1, chenye milimita 13.2 kwa 8.8. Msomaji atambue kwamba hakuna upande wa kihisi hicho ulio na inchi moja kamili. Majina haya yametokana na vipimo vya neli za kioo zilizotumika katika kamera za televisheni za zamani, na hayafai kuchukuliwa kama urefu halisi. Jambo la kuangalia ni milimita.

Tukizidisha, kihisi cha kwanza kina eneo la milimita za mraba 28 na cha pili 116. Ikiwa tundu la lenzi lina namba ile ile na muda wa kupiga ni ule ule, kihisi cha pili hupokea nuru mara nne zaidi.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Nuru huja kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo hazifiki kwa mpango sawia. Pikseli ikipokea wastani wa fotoni 100, hesabu yake hupanda na kushuka kwa kiasi cha 10, ambayo ni kipeuo cha pili cha 100. Kosa ni asilimia 10. Ikipokea fotoni 10,000, hesabu hupanda na kushuka kwa 100. Kosa ni asilimia 1 tu. Kosa hilo ndilo tunaloliona katika picha za usiku kama chengachenga, mfano wa televisheni isiyopata mawimbi vizuri. Nuru ikiongezeka mara nne, chengachenga hupungua kwa nusu. Kugawanya kihisi kidogo katika pikseli nyingi zaidi hakuongezi hata fotoni moja.

LENZI

Namba iandikwayo baada ya herufi f huonyesha uwiano kati ya urefu wa fokasi na kipenyo cha tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2 hupitisha nuru karibu mara nane kuliko f/5.6, kwa kuwa 5.6 ikigawanywa kwa 2 hutoa 2.8, na 2.8 mara 2.8 ni 7.84. Kamera nyingi ndogo huandikwa namba mbili: ya kwanza ni ya lenzi ikiwa imerudi ndani, ya pili ikiwa imetoka kuvuta kitu cha mbali. Namba hii ya pili ndiyo hufichua udhaifu.

Pia kuna mpaka uliowekwa na maumbile ya nuru yenyewe. Nuru ikipita katika tundu dogo hutawanyika, na nukta moja huwa doa. Kwa nuru ya kijani na tundu la f/5.6, doa hilo lina upana wa mikromita 7.5 hivi. Pikseli ya kihisi kidogo chenye pikseli milioni 20 ina upana wa mikromita 1.2. Doa moja hufunika pikseli sita kwa upana wake, na hapo wingi wa pikseli hauna la kuongeza.

Zumu nayo ni ya aina mbili. Zumu ya lenzi hukuza taswira kabla haijafika katika kihisi, na hiyo ni faida ya kweli. Zumu ya dijitali hukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua. Kazi hiyo mwanafunzi aweza kuifanya baadaye katika kompyuta. Wakati wa kulinganisha kamera, hesabu zumu ya lenzi peke yake.

MAJARIBIO MATANO

Majaribio mawili ya kwanza yaweza kufanyika dukani kwa dakika chache. Yaliyobaki yanahitaji siku moja, na ni vema kukubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba kamera itapokewa ikirudishwa.

Kwanza, gazeti. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, usimame mbele yake sawasawa, upige picha ukurasa ukijaa. Kuza picha katika kioo cha kamera. Herufi za katikati zitasomeka. Angalia za pembeni zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine tatu, huenda lenzi imekaa upande.

Pili, nuru hafifu. Piga picha ya karatasi nyeupe na kitambaa cheusi mahali penye kivuli, kwa viwango vya ISO 100, 400, 1600 na 3200, bila taa ya kamera. Kuongeza ISO hakuongezi nuru. Hukuza tu kipimo kilichopatikana, pamoja na makosa yake. Andika kiwango ambacho chengachenga huanza kukera. Kamera inayofika 1600 ikiwa safi ina faida kuliko yenye pikseli nyingi inayochafuka kwenye 400.

Tatu, kuchelewa. Washa saa ya kupimia mashindano na uielekezee kamera. Bonyeza kitufe saa inapoonyesha sekunde 5.00, kisha usome tarakimu iliyo katika picha. Rudia mara kumi, utafute wastani. Halafu rudia tena, safari hii ukiwa umebonyeza kitufe nusu kabla ya wakati ili lenzi iwe tayari. Tofauti ya wastani hizo mbili ni muda ambao kamera hutumia kutafuta fokasi. Kwa mmea haidhuru. Kwa panzi anayeruka, ni picha kupatikana au kukosekana.

Nne, mpira uangukao. Simamisha rula ya mita mbele ya ukuta mweusi, uangushe mpira mdogo mweupe kutoka alama ya sifuri, ukipiga picha kwa muda wa sekunde 1/60. Mpira utaonekana kama mchirizi. Toa kipenyo cha mpira. Urefu uliobaki ni mwendo wake wakati kamera ilipokuwa wazi. Tuseme ulianza ukiwa umeanguka mita 0.800 na kuishia mita 0.867. Kwa kanuni ya s = ½gt², na g ikiwa 9.8, nyakati hizo ni sekunde 0.404 na 0.421, tofauti ni 0.017, karibu sawa na 1/60. Jibu likiwa mbali sana na muda uliochaguliwa, rudia. Likiendelea hivyo, kamera ina kasoro.

Tano, betri. Ijaze, kisha piga picha moja kila nusu dakika, taa ikiwaka kila mara ya pili, hadi izimike. Hesabu picha. Betri iliyozeeka hujulikana hapa.

KAMERA ILIYOKWISHA KUTUMIKA

Kwa mujibu wa takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, mwaka 2010 ulimwengu ulipelekewa kamera za dijitali zaidi ya milioni 120; mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu zimechukua mahali pake. Ndiyo sababu kamera ndogo nyingi zinazopatikana kwa bei nafuu zimekwisha kutumika.

Kamera ya namna hiyo imulikwe lenzi kwa tochi kutoka ubavuni. Nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui ni kuvu, maradhi ya kawaida katika hewa yenye unyevu kama ya mwambao. Sikiliza lenzi itokapo na kurudi. Mkwaruzo ni dalili ya mchanga. Uliza kadi ya kumbukumbu inayofaa, kwa kuwa kamera za zamani hazisomi kadi zilizo kubwa kuliko gigabaiti 32, na baadhi hazipiti gigabaiti 2. Hatimaye, hakikisha kwamba chaja yake ipo na kwamba betri ya aina hiyo ingali inauzwa. Ikiisha kununuliwa, itunzwe katika kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, na saa yake irekebishwe, maana tarehe iandikwayo ndani ya kila picha ni sehemu ya ushahidi.

UAMUZI

Matokeo yaandikwe katika jedwali: safu moja kwa kila kamera, nguzo moja kwa kila jaribio. Kisha klabu ijiulize kazi yake ni ipi. Wanaofuatilia ndege watatanguliza zumu ya lenzi na wepesi wa kitufe. Wanaopiga picha ndani ya maabara watatanguliza kihisi kikubwa na namba ndogo ya f. Wanaochora ramani ya korongo watatanguliza pembe zilizo safi. Idadi ya pikseli ije mwisho, madhali imepita milioni 9. Jedwali hilo lihifadhiwe pamoja na kamera, ili wanafunzi watakaokuja waijue nguvu na udhaifu wa chombo watakachokitumia, na waweze kuipima tena kila mwaka waone kama imebadilika.