Gia ya boti ikigoma, usikimbilie kulaumu injini

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa abiria waliopanda boti katika gati la Mokowe kuvuka hadi kisiwani Lamu. Bahari ilikuwa shwari na safari yenyewe ni fupi. Balaa lilizuka wakati wa kutia gati.

Nahodha aliuvuta mkono wa gia nyuma ili boti ipunguze kasi. Haikupunguza. Aliuvuta tena kwa nguvu zaidi, nayo boti badala ya kutulia ikachapuka mbele na kugonga ubavu wa nyingine iliyokuwa imefungwa penye ngazi. Kijana aliyekuwa ameuning'iniza mguu wake nje aliuingiza ndani kwa wakati. Lau angechelewa, tungekuwa tunasimulia mengine.

Papo hapo lawama zilielekezwa kwa injini. Kuna waliosema imezeeka, na waliosema meno ya gia yamekwisha. Fundi alipofika alifungua kisanduku cha mkono, akauchomoa waya mmoja na kutuonyesha mahali ulipokatika kwa kutu. Injini ilikuwa nzima kabisa.

Kisa hicho kina funzo ambalo kila anayeendesha au kumiliki boti anapaswa kulizingatia. Mkono anaoushika nahodha si gia, na wala si mafuta. Mkono ni mjumbe tu. Mjumbe akipotea njiani, aliyemtuma hudhani ujumbe umefika.

Ujumbe hupitia wapi?

Katika boti ndogo nyingi za uvuvi, nahodha huketi kwenye tezi na kuishika injini yenyewe kwa mpini. Mafuta huongezwa kwa kuuzungusha mpini huo, na gia hutiwa kwa kijiti kilicho ubavuni mwa injini. Safari ya ujumbe ni fupi, hivyo hitilafu zake ni chache.

Mambo ni tofauti katika boti za abiria zenye usukani wa duara. Hapa nahodha yuko mbali na injini, na kando yake pana kisanduku chenye mkono mmoja unaofanya kazi mbili. Mkono ukisimama wima, boti huwa katika gia huru, yaani injini inanguruma lakini rafadha haizunguki. Ukisukumwa mbele kidogo, gia ya mbele huingia. Ukiendelea kusukumwa, mafuta huongezeka. Ukivutwa nyuma, utaratibu ni uo huo kwa gia ya nyuma.

Kutoka kisandukuni hadi kwenye injini hupita nyaya mbili, mmoja wa gia na mwingine wa mafuta. Kila waya una kiini cha chuma kinachoteleza ndani ya ala ya plastiki, mara kikisukuma, mara kikivuta. Waya wa gia hukisogeza kipande chenye meno kilichomo katika sehemu ya chini ya injini, ambacho hushikana na gia ya mbele au ya nyuma. Waya wa mafuta nao hufungua kilango cha kabureta au, katika injini za kisasa, kile cha kupitishia hewa.

Sasa tunaweza kueleza yaliyotokea pale gatini. Waya wa gia ulikuwa umekatika wakati gia ya mbele ingali imeshika. Nahodha alipouvuta mkono nyuma, waya wa mafuta, ambao ulikuwa mzima, ulitii amri na kuongeza mafuta. Kadiri alivyovuta kwa nguvu ndivyo boti ilivyozidi kukimbilia mbele. Hakuwa mzembe, alikuwa akimwamini mjumbe aliyekwisha kupotea.

Pima hatua kwa hatua

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya mkono unapokuwa mgumu ni kuulazimisha. La pili ni kuagiza vipuri kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Mfumo wote una sehemu tatu pekee: kisanduku, waya na injini. Kazi ya fundi ni kuzitenganisha ili ajue ni ipi inayogoma.

Kabla ya yote, zima injini, ondoa ufunguo na kamba ya kuzimia injini. Katika injini ya kuwashwa kwa kamba, chomoa pia waya wa plagi. Hakuna mkono wa binadamu unaopaswa kukaribia rafadha kabla ya hapo.

Kisha fungua kifuniko cha injini na uutenganishe waya na injini. Rudi kwenye kisanduku uusogeze mkono. Ikiwa sasa ni mwepesi, basi ugumu uko upande wa injini: pengine viungio vyake vimekauka grisi, vimeota kutu au vimepinda.

Ikiwa mkono ungali mgumu, tenganisha waya na kisanduku pia, kisha usukume na kuuvuta kiini chake kwa mkono mtupu. Kikikwama, waya ndio wenye makosa. Kikiteleza vizuri, kagua kisanduku.

Jambo moja huwapotosha wengi. Gia ikikataa kuingia wakati injini imezimwa, hiyo si lazima iwe hitilafu. Huenda meno ya kipande kile yamekabiliana uso kwa uso na meno ya gia. Mtu mmoja aizungushe rafadha polepole kwa mkono huku mwenzake akitia gia, nayo itaingia.

Dalili na maana zake

Ikiwa boti inajongea ilhali mkono uko wima, au injini inakataa kupiga stata mkono ukiwa pale pale, kagua kwanza urefu wa waya wa gia. Ncha ya waya huwa na skrubu za kurekebishia. Zikilegea, mkono na gia huacha kusema lugha moja. Injini nyingi zina swichi inayozuia stata gia ikiwa imeingia, na swichi hiyo nayo huweza kuharibika. Hata hivyo, usikubali kuiondoa au kuipitisha kando kwa ajili ya urahisi. Inalinda maisha.

Ikiwa mafuta hayapungui unaporudisha mkono, huenda waya wa mafuta umekwama au springi ya kurudisha kilango imechoka. Hatari yake ni kwamba utalazimika kubadilisha gia injini ikiwa inanguruma kwa kasi, na meno hayawezi kuvumilia pigo hilo. Kinyume chake, ikiwa mkono unateleza wenyewe na kupunguza mafuta mawimbi yanapoitikisa boti, aghalabu tatizo ni skrubu ya kukazia mkono, ambayo katika visanduku vingi hupatikana bila kubomoa chochote.

Boti ikikosa kasi yake ya kawaida, zima injini, sukuma mkono hadi mwisho huku mwenzako akizungusha rafadha ili gia iingie, kisha tazama kama kilango cha mafuta kimefunguka chote. Kisipofika mwisho, rekebisha waya. Kikifika, waachie nyaya amani yao. Tafuta kwingine: mafuta machafu, rafadha iliyopinda, au sehemu ya chini ya boti iliyojaa chaza na mwani.

Tena, injini ikivuma lakini boti isisonge, gia huenda haina hatia. Rafadha nyingi zina mpira kati ya kitovu na mhimili wake, na injini ndogo ndogo zina pini iliyoundwa makusudi kukatika rafadha inapogonga mwamba. Mpira ukiteleza au pini ikikatika, injini hunguruma bure.

Mazoea yanayoua gia

Manahodha wengi hutia gia polepole wakidhani wanaihurumia. Ukweli ni kinyume. Gia inapoingizwa taratibu, ncha za meno hugongana na kusagana kabla ya kushika, na huo ndio mlio wa kukereza unaosikika. Njia sahihi ni kuiacha injini ishuke hadi mngurumo wake wa chini kabisa, kusita kidogo katika gia huru, kisha kutia gia kwa pigo moja la uhakika. Upole wapasa kuwa katika mafuta, si katika gia.

Adui mwingine ni chumvi. Maji ya bahari hupenya kwenye ncha za waya, kiini hushika kutu na kuvimba ndani ya ala. Katika Ziwa Victoria, kwa mfano katika safari za kutoka Mbita kwenda Mfangano, chumvi haipo, lakini maji na uchafu vipo, na magugumaji hujizungusha kwenye rafadha na kuilemea injini hata nahodha akadhani mafuta yamegoma.

Waya usipindwe kama kiwiko wala kufungwa pamoja na mizigo. Ncha zake zisafishwe na kupakwa grisi ya kustahimili maji. Ala ikipasuka au kiini kikiota kutu, badilisha waya wote. Kumimina oili ndani hulainisha kwa siku chache tu, na nyaya nyingi za kisasa hazikuundwa kutiwa oili. Aidha, unaponunua mpya, pima njia nzima utakayopita na uache nafasi ya injini kugeuka kushoto na kulia. Waya mfupi huvutika na kubadilisha gia boti inapokata kona.

Ikitokea baharini

Ikiwa boti haitii mkono, usishindane nayo. Zima injini mara moja. Kwa sababu hiyo nahodha anapaswa kuifunga mwilini kamba ya kuzimia injini, wala asiiache ikining'inia kwenye swichi kama pambo. Injini ikisha kuzimika, tumia kasia, upondo au nanga kuizuia boti isisukumwe na mkondo.

Waya ukikatika mbali na nchi kavu, inawezekana kufungua kifuniko na kusogeza gia kwa mkono penye injini yenyewe. Lakini kumbuka: swichi iliyo kisandukuni humsikiliza mkono tu. Huenda ikaruhusu injini iwake ilhali gia imeingia, na boti ikaruka ghafla. Hakikisha kwanza kwamba rafadha inazunguka bure. Mwambie kila abiria aketi, nenda mwendo wa pole, na usiguse kitu kinachozunguka.

Mamlaka ya Masuala ya Bahari Nchini, iliyoundwa mwaka wa 2004, ina jukumu la kusimamia usalama wa vyombo majini. Hata hivyo, mkaguzi huja kwa siku yake na kuondoka. Kutu haina likizo. Mwenye boti anayeahirisha kununua waya mmoja ili kuokoa fedha ajiulize gharama ya rafadha, ya boti ya jirani, au ya mguu wa mtoto wa mtu.

Abiria naye asikae kama mzigo. Aweke mikono na miguu ndani boti inapotia gati, na akimwona nahodha akipigana na mkono wa gia tangu safari inapoanza, ana haki ya kuuliza kabla ya kamba kufunguliwa.

Lililo muhimu kuliko yote halihitaji spana wala shilingi. Kabla hujalifikia gati, ukiwa ungali mbali, punguza mafuta, tia gia huru, kisha jaribu gia ya nyuma. Ikishika, endelea. Isiposhika, ungali na maji ya kutosha mbele yako kuzima injini na kutia nanga. Nahodha wa siku ile aliligundua tatizo lake akiwa hatua chache tu kutoka penye ngazi, na hapo hapakuwa tena na nafasi ya kufikiri.