Tonsesi, Kimeo na Dozi: Lugha ya Nyumbani na Maambukizi ya Koo Yanayojirudia kwa Watoto wa Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maambukizi ya koo yanayojirudia kwa watoto kwa kuchunguza maneno matatu ambayo mzazi wa Mbeya au Iringa hukutana nayo kila mtoto wake anapougua: tonsesi, kimeo na dozi. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya kujirudia huko haitokani na ukaidi wa ugonjwa. Hutokana na jina moja kubebeshwa hali tofauti, na dozi kupimwa kwa chupa badala ya siku. Mkanganyiko huo una gharama kubwa, kwa kuwa maambukizi ya streptokoka yasiyotibiwa ipasavyo yanaweza kuuharibu moyo wa mtoto kabisa.

1.0 Utangulizi

Miji ya Mbeya na Iringa ipo katika Nyanda za Juu Kusini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai, joto la usiku mjini Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Majira hayo madirisha hufungwa, watoto hukusanyika jikoni kuota moto, na ndugu wawili au watatu hulala kitanda kimoja. Ndiyo maana wazazi wengi huamini kwamba koo huumwa kwa sababu ya baridi au maji ya baridi. Hata hivyo, baridi haizai kimelea. Kinachoeneza maambukizi ni ukaribu: matone ya mate yanayotoka kwa mtoto anayekohoa, kupiga chafya au kuzungumza, yakamfikia mwenzake katika chumba kisichopitisha hewa. Kwa msingi huo, darasa lililojaa linaeneza ugonjwa huu sawasawa na chumba cha kulala.

2.0 Tonsesi: jina moja, hali tatu

Kiswahili sanifu kina neno mafindofindo, lakini katika mazungumzo ya kila siku neno linalotawala ni tonsesi. Neno hili hutumika kutaja viungo vyenyewe, yaani tezi mbili zilizo pande za koo, na papo hapo hutaja ugonjwa. Mzazi husema mtoto "ana tonsesi" kana kwamba kuwa nazo ni kuugua, ilhali kila mtoto huzaliwa nazo. Tezi hizo ni sehemu ya kinga ya mwili. Kwa kawaida huwa kubwa katika miaka ya utotoni, kisha husinyaa kadiri mtoto anavyokua. Ukubwa wake pekee si dalili ya maambukizi.

Chini ya jina hilo moja hukaa hali tatu zinazohitaji kutenganishwa. Ya kwanza ni maambukizi ya virusi, ambayo ndiyo chanzo cha visa vingi vya koo kuuma utotoni. Mtoto mdogo mwenye afya njema huweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mengi kati ya hayo huanza na koo. Viuavijasumu havina kazi hapa. Mtoto huhitaji maji ya kutosha, dawa ya kushusha homa na muda.

Hali ya pili ni maambukizi halisi ya streptokoka kundi A. Bakteria hawa huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, na ni nadra kuwa chanzo cha maumivu ya koo kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Dalili zinazoelekeza huko ni homa inayozidi nyuzi 38, tezi za mbele ya shingo zilizovimba na kuuma zikiguswa, mafindofindo yaliyovimba au yenye utando wa usaha, na mtoto kutokuwa na kikohozi. Kikohozi, mafua na sauti kukauka huelekeza kwenye virusi. Dalili hizi hazithibitishi. Huongeza au hupunguza uwezekano. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua majimaji ya koo na kuyaotesha maabara, au kwa kipimo cha haraka.

Hali ya tatu ndiyo inayopotosha zaidi. Baadhi ya watoto hubeba streptokoka kooni kwa wiki au miezi bila kuugua. Mtoto wa namna hiyo akipata mafua ya virusi, kipimo chake kitaonesha streptokoka, naye atahesabiwa kuwa ameugua tena. Atapewa dawa, mafua yatakwisha kwa wakati wake, na dawa itapewa sifa isiyostahili. Kwa kawaida mbebaji hahitaji tiba, na hatari ya yeye kupata madhara ya moyo ni ndogo sana.

Kwa hiyo mama anayesema "mtoto wangu tonsesi zinamrudia kila mwezi" anaweza kuwa anaeleza mafua matano ya virusi na ambukizo moja tu la streptokoka. Jina limeyafanya sita yawe mamoja. Tatizo hapa si kwamba mama hajui. Muuza dawa hutumia jina hilohilo, na mara nyingine hata mhudumu wa zahanati.

3.0 Kinachowekwa rehani: moyo

Kama streptokoka ingeishia kooni, mkanganyiko huo ungekuwa wa gharama ya dawa tu. Lakini kwa watoto wachache, takribani wiki 2 hadi 4 baada ya koo kupona, kinga ya mwili huanza kushambulia viungo vya mtoto mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maungio ya magoti, vifundo vya miguu na viwiko huvimba na kuuma kwa kuhamahama, na moyo huweza kupata uvimbe. Maungio hupona. Vali za moyo, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, huweza kubaki na makovu, na kila ambukizo jipya huongeza kovu juu ya kovu.

Uwezekano wa kuyazuia haya si dhana. Mwaka 1950 yalichapishwa matokeo ya tiba ya penisilini kwa askari wa kambi ya Warren, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani. Katika milipuko ya namna ile, takribani watu 3 kati ya 100 wasiotibiwa walipata homa ya baridi yabisi; penisilini ilipunguza idadi hiyo kwa kiasi kikubwa. Baadaye ilibainika kwamba tiba huzuia madhara hayo hata ikianza siku ya 9 tangu koo lianze kuuma. Hivyo mzazi wa kijijini ana muda wa kumfikisha mtoto kituoni, mradi tu asiutumie muda huo wote kwa dawa isiyofaa.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, kuchelewa kuna umbali wake. Upasuaji wa vali hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, takribani kilomita 500 kutoka Iringa na zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Mwezi Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zikabili homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo utokanao nayo. Kwa mtoto mmojammoja, mapambano hayo huanzia dirishani pa kutolea dawa.

4.0 Dozi: chupa au siku?

Ushauri wa "maliza dozi" unafahamika kila mahali. Swali ambalo haliulizwi ni dozi inaishia wapi. Kwa mzazi wengi, dozi ni chupa: chupa ikiisha, dozi imeisha. Kwa tabibu, dozi ya streptokoka kwa dawa za kunywa za jamii ya penisilini ni siku 10.

Hesabu ifuatayo inaonesha pengo lililopo. Kipimo kinachokubalika cha amoksilini kwa ugonjwa huu ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, bila kuzidi miligramu 1,000. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye kilo 20 anahitaji miligramu 1,000 kwa siku. Dawa ya maji yenye miligramu 125 katika kila mililita 5 italazimu anywe mililita 40 kwa siku, yaani mililita 400 kwa siku 10. Hizo ni chupa nne za mililita 100. Mzazi aliyepewa chupa moja, akaitumia kwa uaminifu bila kupoteza hata tone, amempa mtoto tiba ya siku mbili na nusu. Akiigawa kwa ndugu wawili wanaokohoa, muda unapungua zaidi. Koo litapoa, kwa kuwa hata bila dawa maumivu hupungua baada ya siku chache, lakini kimelea kitabaki. Maumivu yakirejea, itasemwa kwamba dawa imezoeleka.

Dai hilo la mwisho linahitaji kusahihishwa. Hadi sasa streptokoka kundi A haijathibitika kuwa sugu dhidi ya penisilini kwa wagonjwa. Usugu umeripotiwa duniani kwa dawa za kundi la azithromaisini, ambazo hupendwa kwa kuwa hunywewa kwa siku chache. Kuikimbia penisilini kwa hofu ya usugu ni kuiacha dawa ambayo bado inafanya kazi.

Njia mbili hupunguza pengo hilo. Vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka kwenye maji huhesabika: kwa mtoto huyo, vidonge 4 vya miligramu 250 kila siku, jumla 40, na mzazi huona kwa macho vilivyobaki. Njia ya pili ni sindano moja ya benzathini penisilini: uniti 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, na 1,200,000 kwa aliyefikia uzito huo. Sindano hiyo huuma, na hutolewa kituoni baada ya kuuliza historia ya mzio, lakini inaondoa kabisa suala la kumaliza dozi. Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa karibu na vijiji. Ukaribu huo utakuwa na manufaa zaidi endapo muuzaji atataja siku na idadi, si chupa.

5.0 Kimeo na kisu

Koo likikataa kupona, shutuma huhamia kwenye kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Desturi ya kukata kimeo inajulikana katika sehemu mbalimbali za Tanzania, na mara nyingi wanaokatwa ni watoto wachanga na wadogo wenye kikohozi. Kimaumbile, kimeo si makazi ya streptokoka. Maambukizi hukaa zaidi kwenye mafindofindo. Kukikata hakuzuii ambukizo lijalo, na humweka mtoto katika hatari ya kuvuja damu, kupata pepopunda na kuambukizwa kwa kifaa kisicho safi.

Mantiki ya desturi hiyo, hata hivyo, haiko mbali na ya hospitali, kwa kuwa huko nako mafindofindo huondolewa. Tofauti ipo kwenye kipimo. Utafiti wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1984, uliweka vigezo vinavyotumika hadi leo: visa 7 au zaidi katika mwaka mmoja, 5 kwa kila mwaka katika miaka miwili, au 3 kwa kila mwaka katika miaka mitatu, kila kimoja kikiwa kimeandikwa pamoja na dalili zake. Watoto waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu, lakini wengi wa wale ambao hawakufanyiwa nao walipungukiwa na visa kadiri muda ulivyopita.

6.0 Hitimisho

Vigezo hivyo vinadai kumbukumbu, na kumbukumbu inadai majina yaliyo wazi. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo hawezi kuhesabu visa saba ikiwa daftari la mtoto limeandikwa "tonsesi" mara saba bila kitu kingine. Kila kisa kinahitaji mambo matano: tarehe, joto la mwili, kuwapo au kutokuwapo kwa kikohozi, hali ya mafindofindo na tezi za shingo, na dawa iliyotolewa pamoja na uzito wa mtoto na idadi ya siku. Mistari hiyo mitano haihitaji maabara. Inaweza kuandikwa katika zahanati yoyote ya Mufindi au Rungwe.

Neno tonsesi halitaondoka, wala hapana haja liondoke. Linachohitaji ni swali la kulifuata: ni ya mafua, au ni ya homa bila kikohozi? Vivyo hivyo neno dozi lifuatwe na swali: siku ngapi? Mtoto wa miaka 2 anayepewa antibayotiki kila mwezi kwa mafua, na mtoto wa miaka 9 anayeambiwa asukutue maji ya chumvi tu ilhali ana homa na usaha kooni, wote wawili wameponzwa na neno lilelile. Wa kwanza amekunywa dawa asizozihitaji. Wa pili anaweza kuulipia mkanganyiko huo kwa moyo wake.