Lugha ya Nyumbani kwa Don Corleone

Mwalimu mmoja wa shule ya upili alinijia akiwa na kitabu alichomnyang'anya mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. "Daktari," akaniambia, "hiki ni chuo cha majambazi." Kilikuwa The Godfather, riwaya ya Mario Puzo iliyochapishwa mwaka wa 1969. Alitaraji nimuunge mkono. Sikumuunga.

Damu imo tele humo, hilo silikani. Lakini kwa sisi tunaoshughulika na lugha, kinachotisha zaidi si bastola bali maneno ya ujamaa. Anwani yenyewe ni jina la mtu anayesimama kanisani kumdhamini mtoto anapobatizwa. Neno hilo takatifu Puzo amemvika Vito Corleone, mkuu wa genge mjini New York. Wanaomzunguka hawasemi wizi wala mauaji. Husema urafiki, heshima, fadhila na deni la fadhila. Basi mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo atalijifunzia wapi jina halisi la kazi ya babake?

Kuna mahali ambapo Sonny, kifungua mimba wa Don, anafanya unyang'anyi akiwa na umri wa miaka kumi na sita. Baba anafoka, anataka kujua mwana alipata wapi haki ya kutenda upumbavu huo. Kijana anamjibu kwamba alipokuwa mdogo alimwona akimuua Fanucci. Baba anaishiwa na maneno. Anamwuliza tu kama hataki kumaliza shule awe wakili, na hata huo uwakili anamsifia kwa kuwa huiba zaidi ya bunduki! Sijui ukurasa mwingine unaoeleza malezi kwa ufupi kama huo.

Michael, mdogo wake, alijaribu kutoka. Alikwenda Chuo cha Dartmouth, akapigana katika Vita vya Pili vya Dunia, na wala hakuitaka biashara ya nyumbani. Babake alipopigwa risasi, mapenzi ya mwana kwa mzazi ndiyo yaliyomrudisha. Hapa ndipo Puzo anapomzidi John Kiriamiti, ambaye My Life in Crime (1984) imepita mikononi mwa wanafunzi wetu wengi: shujaa wa Kiriamiti anauingia uhalifu kwa miguu yake, ilhali Michael anavutwa na wema wake mwenyewe.

Na Puzo hakuwa jambazi. Alikuwa mwana wa wahamiaji maskini wa Kiitalia, na baadaye alieleza kwamba kila Don alipofungua kinywa, yeye aliisikia sauti ya mamake. Ndiyo maana twampenda mzee huyo kabla hatujakumbuka kumwogopa.

Mwishoni Michael anakubali kuwa mdhamini wa mtoto wa Connie, dada yake, kisha anaamuru baba wa mtoto huyo auawe. Kay, mkewe, anapomwuliza, anakana kwa utulivu.

Nilimshauri mwalimu amrudishie kijana kitabu chake, kisha amwulize swali moja mbele ya darasa: mtoto yule wa Connie atakapokua na kuujua ukweli, atamwita Michael nani? Mjomba?