Je, Wajua? Mkopo wa Nyumba Unavyoangusha Benki

● Je, wajua kwamba Lord Delamere, mlowezi Mwingereza aliyetamba Njoro na Soysambu nchini Kenya, alifariki Novemba 1931 akidaiwa na mabenki takriban pauni 500,000? Bei za mazao zilikuwa zimeporomoka duniani kote. Ekari zilikuwepo, pesa hazikuwepo. Mkopo wa nyumba nao hukwama hivyo hivyo.

● Je, wajua hatari ya mkopo wa nyumba kwa benki huanzia wapi? Mwenye akiba anaweza kudai pesa zake kesho, ilhali benki imemkopesha mnunuzi wa nyumba pesa hizo kwa miaka 20.

● Je, wajua kwamba benki ya Equity ilianza mwaka 1984 ikitoa mikopo ya nyumba? Kufikia 1993, asilimia 54 ya mikopo yake ilikuwa hailipwi vizuri, nayo ikahesabiwa kuwa imefilisika. Iliponea kwenye mikopo midogo ya wafanyabiashara na wakulima.

● Consolidated Bank nayo iliundwa 1989 kutokana na taasisi 9 zilizokuwa taabani. Miongoni mwao: Home Savings and Mortgages na Estate Building Society.

● Je, wajua kwamba Marekani walikopeshwa hata wasio na mapato ya uhakika, kwa imani kuwa bei ya nyumba haishuki? Madeni hayo yakaunganishwa na kuuziwa mabenki ya nchi nyingine. Benki ya Marekani ya Lehman Brothers ikaanguka 15 Septemba 2008. Msukosuko ukafika Ulaya, nayo ikabana matumizi, na mashamba ya Naivasha yanayoiuzia maua, yasiyomkopesha mtu nyumba, yakaumia.

● Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021. Ploti ya mitaa yake kama Kiamunyi au Lanet ikipanda bei, dhamana ya mkopo hunenepa kwenye karatasi. Payslip ya mkopaji hubaki ilivyo.

● Mkopo wa Sh3 milioni wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 13 hulipwa takriban Sh35,100 kwa mwezi. Riba ikifika asilimia 18, ni takriban Sh46,300.

● Je, wajua kwamba benki ikifungwa, bima ya amana humlipa mteja hadi Sh500,000 pekee?

● Je, wajua haki zako? Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya mume au mke kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Na ikipigwa mnada kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, unaweza kwenda kortini, na benki ndiyo itakayojieleza.