Kulewa bahari: meza dawa kabla ya kupanda mashua

Je, likizo hii utatoka Shimoni kwenda Kisite kutazama samaki na matumbawe? Kusi inapovuma, kati ya Mei na Septemba, mawimbi hukua na wageni wengi hulewa bahari. Sikio la ndani huhisi mashua ikiyumba, ilhali macho yanayotazama sakafu huona pametulia. Ubongo hutatizika, nawe unatapika. Keti katikati, penye hewa, utazame mbali.

Tembe humezwa muda wa saa moja hivi kabla ya safari. Ukishaanza kutapika, utazitapika pia. Lakini nyingi huleta usingizi, na mwenye usingizi asiteremke majini, hata akiwa amevaa jaketi ya kuokoa maisha. Mweleze muuza dawa kwamba unakwenda kuogelea. Bia huzidisha usingizi huo. Iache hadi jioni.